Kutoka Chuoni hadi Chuo Kikuu: Mwanafunzi wa Pwani ya Kismayu na Serikali ya Wanafunzi



Wanafunzi wetu wa Kiswahili hujifunza mapema msamiati wa maisha ya chuo kikuu: bweni, maktaba, ada, mkopo, mhadhara, kura. Mara nyingi mifano tunayoitumia darasani huchukuliwa kutoka Dar es Salaam, Nairobi au Makerere, na si ajabu, kwa kuwa huko ndiko vilipo vyuo vikongwe vya Afrika Mashariki. Katika toleo hili tumependa kuliangalia jambo hilo hilo kutoka upande usiotajwa sana katika vitabu vyetu, yaani pwani ya kaskazini kabisa ya Waswahili: mji wa Kismayu na visiwa vya Wabajuni, kusini mwa Somalia.

Tunauliza maswali matatu. Mwanafunzi anayetoka huko hupitia njia gani hadi kufika chuo kikuu? Akishafika, ni huduma zipi zinazomhusu na zipi zinampita kando? Na serikali ya wanafunzi, ambayo huendeshwa kwa wingi wa kura, inaweza kumsaidia vipi mtu ambaye watu wa kwao pale chuoni hawafiki kuijaza meza moja ya kantini?

Pwani moja, mpaka katikati

Visiwa vya Wabajuni vimejipanga sambamba na pwani, kuanzia Kismayu kuelekea kusini hadi karibu na mpaka wa Kenya. Vinavyojulikana zaidi ni Koyama, Chovai na Chula. Wakazi wake wameishi tangu zamani kwa uvuvi, ujenzi wa vyombo vya baharini na kilimo cha barani. Wenyewe huitwa pia Watikuu, na lahaja yao huitwa Kibajuni au Kitikuu. Hata jina la Kismayu wengi hulieleza kwa lahaja hiyo: kisima iyu, yaani kisima cha juu.

Wabajuni hawaishi Somalia peke yake. Wako pia Kiunga, Faza na sehemu nyingine za visiwa vya Lamu upande wa Kenya. Mgawanyiko huo si wa zamani sana. Jubaland yote ilikuwa chini ya Uingereza pamoja na Kenya hadi mwaka 1925, ilipokabidhiwa Italia. Tangu hapo mtoto wa Koyama na binamu yake wa Faza, ambao husalimiana kwa lahaja moja na huozeshana, waliingia katika njia mbili tofauti za elimu. Yafaa tulikumbuke jambo hili, kwa sababu tofauti nyingi tutakazozieleza hapa chini hazikutokana na lugha ya watu hawa wala na akili zao. Zilitokana na upande wa mpaka waliozaliwa.

Neno "chuo" lina umri mrefu

Kabla hatujafika chuo kikuu, tusimame kidogo kwenye neno lenyewe. Mwanafunzi wa kigeni anapolikuta neno chuo kwa mara ya kwanza, hudhani ni taasisi ya elimu ya juu. Kwa mtu wa pwani maana ya kwanza ni mahali mtoto anaposomea Kurani, na katika Kiswahili cha zamani chuo ni kitabu pia. Ndiyo maana mtaalamu wa dini huitwa mwanachuoni. Chuo kikuu, kwa hiyo, ni neno jipya lililojengwa juu ya msingi wa kale.

Chuo hicho cha kale kilikuwa na utaratibu wake. Mwalimu mmoja hawezi kumsikiliza kila mtoto kwa wakati mmoja, hivyo mwanafunzi aliyetangulia humsomesha aliye nyuma yake, na wakubwa husimamia nidhamu ya wadogo. Kwa wale waliotaka kuendelea zaidi, Lamu ilikuwa mahali pa kukimbilia. Msikiti wa Riyadha, unaohusishwa na Habib Swaleh, ulipokea wanafunzi kutoka pande mbalimbali za pwani. Mwanafunzi aliyetoka mbali alihitaji yale yale anayoyahitaji mwanafunzi wa leo: mahali pa kulala, chakula, kitabu cha kuazima na mtu wa kumwendea akiugua.

Tunalisema hili ili ieleweke kwamba kijana wa Kibajuni anapoingia chuo kikuu haingii akiwa mtupu. Mazoea ya kusoma pamoja, kusaidiana na kuheshimu aliyetangulia anayo tayari. Asichokuwa nacho ni mambo mengine, kama tutakavyoona.

Upande wa Somalia: lugha nne hadi shahada

Mnamo Oktoba 1972 serikali ya Somalia ilitangaza kwamba Kisomali kitaandikwa kwa hati za Kilatini, na muda mfupi baadaye Kisomali kikawa lugha ya ofisi za serikali na hatimaye ya kufundishia shuleni. Mwaka 1974 hadi 1975 shule zilifungwa, na maelfu ya wanafunzi na walimu wao wakapelekwa mashambani na kwa wafugaji kuwafundisha watu kusoma na kuandika. Ilikuwa kampeni kubwa, na Wasomali wengi wanaikumbuka kwa fahari. Lakini kwa mtoto wa visiwani, ambaye nyumbani alisema Kibajuni, shule iliyosemwa kuwa ya lugha ya mama haikuwa ya lugha ya mama yake.

Chuo Kikuu cha Taifa cha Somalia kilikuwa Mogadishu. Vitivo vyake vingi vilifundisha kwa Kiitalia kwa msaada wa Italia, ila chuo cha ualimu cha Lafoole kilitumia Kiingereza. Tuhesabu basi. Kijana wa Koyama ambaye angefika Mogadishu katika miaka ya 1980 angekuwa na Kibajuni cha nyumbani, Kiarabu cha chuoni, Kisomali cha shule, na Kiitalia au Kiingereza cha mihadhara. Kiswahili Sanifu, ambacho ndicho kingekuwa karibu zaidi na ulimi wake, hakikuwa na nafasi katika ngazi hiyo. Hadi leo hali ya kisheria haijabadilika sana: katiba ya muda ya mwaka 2012 inaitambua lugha ya Kisomali kuwa lugha rasmi na Kiarabu kuwa lugha ya pili.

Hata hivyo pwani hiyo haikukosa wasomi walioipeleka lugha ya kwao chuo kikuu. Mfano mzuri unatoka Barawa, kaskazini mwa Kismayu, ambako husemwa Chimwiini. Mohammad Imam Abasheikh, mzungumzaji wa Chimwiini, aliandika tasnifu yake ya udaktari kuhusu lugha hiyo katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, mwaka 1978. Lugha ambayo shule za nchi yake hazikuifundisha ikawa mada ya utafiti wa kiisimu.

Upande wa Kenya: binamu wa Faza

Binamu wa Faza alikuwa na safari nyingine. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza Kenya mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima lenye mtihani katika shule za msingi na sekondari. Kwa hiyo kijana wa Faza alifika chuo kikuu akiwa na cheti kinachoonyesha alama yake ya Kiswahili. Leo hahitaji hata kwenda Nairobi. Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi kilipata hati yake mwaka 2013.

Wasomaji wasidhani kwamba huyu hana matatizo. Shule zilizo visiwani ni chache na ziko mbali, na alama ya Kiswahili ya mtoto wa pwani mara nyingi huwa chini kuliko anavyotarajia mwenyewe, kwa sababu mtihani hupima Kiswahili Sanifu na yeye huandika kama asemavyo. Lakini tofauti ni kubwa. Binamu huyu ana kitambulisho cha nchi, ana cheti, na anaweza kuomba mkopo wa elimu ya juu. Mwenzake wa Koyama, hata akiwa hodari kumshinda, huenda akakosa vyote vitatu.

Baada ya 1991

Serikali ya Somalia ilipoanguka Januari 1991, chuo kikuu cha Mogadishu kilifungwa, na hakikufunguliwa tena hadi mwaka 2014. Wabajuni, ambao hawakuwa na silaha wala ukoo mkubwa wa kuwalinda, waliporwa vyombo vyao na wengi wakavuka kwa mashua kuja Kenya. Waliishi katika kambi za pwani hadi zilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Baadhi walirudi visiwani, wengine walipelekwa kambi za bara kama Dadaab na Kakuma, na wengine wakafika Ulaya na Marekani. Kismayu yenyewe ilipita mikono mingi: ilitekwa na Al-Shabaab mwaka 2008, ikakombolewa mwaka 2012 na majeshi ya Kenya pamoja na washirika wao wa Kisomali. Leo mji una chuo kikuu kinachobeba jina lake.

Jambo moja la kutia moyo lilitokea Dadaab. Kuanzia mwaka 2013 vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi, pamoja na York na British Columbia vya Canada, vilishirikiana kutoa masomo ya chuo kikuu kwa wakimbizi na kwa wenyeji wa eneo hilo. Kituo cha kusomea kiliwekwa katika mji wa Dadaab, na wengi wa wanafunzi walikuwa walimu wa shule za kambini. Maisha ya mwanafunzi huyu hayafanani na yale ya Mlimani. Hana bweni. Anafundisha watoto mchana, anasoma jioni au wakati wa likizo, na anafanya kazi zake kwa intaneti inayokatika. Akitaka kwenda Nairobi kutumia maktaba, hawezi tu kupanda basi. Sharti apate kibali cha kutoka kambini.

Haiwezekani pia kuzungumzia wanafunzi wa eneo hilo bila kuitaja Garissa. Tarehe 2 Aprili 2015 Al-Shabaab walikishambulia chuo kikuu kilichoko huko, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi waliokuwa mabwenini. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016. Tangu hapo, ulinzi wa mabweni ni huduma ambayo hakuna kiongozi wa wanafunzi katika Kenya anayeweza kuiona kuwa jambo dogo.

Huduma za chuo na nani anazipata

Tunapowafundisha wanafunzi msamiati wa huduma za chuo, yafaa tuwaonyeshe kwamba kila huduma ina mlango wake na kila mlango una ufunguo. Ufunguo huo mara nyingi ni karatasi.

Mkopo ndio mfano ulio wazi zaidi. Bodi ya mikopo ya Kenya iliundwa mwaka 1995 na ya Tanzania ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004. Zote mbili hukopesha raia wa nchi zao. Mwanafunzi aliyetoka Koyama na karatasi ya ukimbizi hutegemea ufadhili, na nafasi za ufadhili ni chache. Wenzake wanaposubiri bumu, yaani fedha za kujikimu, yeye hana cha kusubiri.

Bweni ni mfano wa pili. Vitanda havitoshi katika vyuo vingi vya umma. Mlimani, Dar es Salaam, uhaba huo ulizaa neno la kubebana: mwenye chumba humkaribisha rafiki asiyepangiwa, wakalala wawili mahali pa mmoja. Utaratibu rasmi unaukataza mtindo huo, lakini wanafunzi wengi wamemaliza shahada zao kwa sababu kuna aliyewabeba. Ila mtu hubebwa na anayemjua. Mgeni asiye na ndugu wala rafiki wa sekondari hukosa wa kumbeba.

Zahanati, kitambulisho cha mwanafunzi na kadi ya maktaba navyo hutegemea kwamba mtu amekamilisha usajili. Usajili ukichelewa kwa sababu cheti cha shule kinatoka katika nchi ambayo wizara yake ya elimu ilikuwa haipo kwa miaka mingi, huduma zote huchelewa nacho. Hapa ndipo mwanafunzi huhitaji mtu wa kumsemea. Na kazi ya kusema ndiyo kazi ya serikali ya wanafunzi.

Serikali ya wanafunzi ni kitu gani?

Serikali ya wanafunzi ni chama chenye katiba, viongozi wa kuchaguliwa na fedha zinazotokana na michango ya wanachama, ambao ni wanafunzi wote. Kwa kawaida ina rais, makamu, mawaziri wa mambo kama mikopo, malazi, afya na michezo, na bunge la wawakilishi wa vitivo na mabweni. Ina kazi tatu kubwa: kuwasemea wanafunzi mbele ya utawala, kusimamia mambo yao wenyewe kama michezo na vilabu, na kuteua au kuchagua wajumbe wa kuwawakilisha katika vikao vya chuo. Haina polisi wala mahakama ya dola. Nguvu yake iko katika kusikilizwa.

Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inaonyesha jinsi nguvu hiyo inavyopatikana na kupotea. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Karibu 400 walifukuzwa, na Rais Nyerere akatangaza kupunguza mishahara ya wakubwa serikalini, wake ukiwa wa kwanza kwa asilimia 20. Mwaka 1971 rais wa chama cha wanafunzi, Symonds Akivaga, alifukuzwa na kurudishwa kwao Kenya, wenzake wakagoma. Machi 1978 wanafunzi waliandamana tena, safari hii kupinga nyongeza ya mishahara na marupurupu ya viongozi. Mamia walifukuzwa, chama chao kikavunjwa, na mahali pake ikawekwa MUWATA iliyokuwa chini ya umoja wa vijana wa chama tawala. DARUSO, serikali ya wanafunzi tunayoijua leo, ilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Kwa mada yetu, kisa cha Akivaga kina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba mgeni alichaguliwa kuwaongoza wenyeji. Hakuwa na kura za nyumbani. Alikuwa na hoja na alikuwa na lugha ya kuzieleza. La pili ni kwamba mgeni huyo huyo ndiye aliyeweza kuondolewa kwa kupitishwa mpakani. Mwanafunzi asiye raia anaweza kuongoza, lakini gharama ya kusema kwake ni kubwa kuliko ya mwenzake.

Somalia ya Siad Barre, kati ya 1969 na 1991, haikuwa na nafasi ya chama huru cha aina hii. Vijana walikusanywa katika jumuiya za chama tawala. Kwa hiyo mzazi wa mwanafunzi wa leo kutoka Kismayu, hata kama alisoma hadi chuo kikuu, huenda hana kumbukumbu ya kupiga kura ya kumchagua rais wa wanafunzi. Jambo ambalo mwanafunzi wa Mlimani hulipokea kama desturi, kwa huyu ni jipya.

Kura na wachache

Tufike sasa kwenye swali la tatu. Mahali panapotawaliwa kwa kura, wachache hupata nini?

Kenya ilibadilisha sheria yake ya vyuo vikuu mwaka 2016. Badala ya wanafunzi wote kumpigia kura rais moja kwa moja, kila idara au kitivo huchagua wawakilishi watatu wasiokuwa wote wa jinsia moja, na wawakilishi hao ndio huwachagua viongozi. Kiongozi hukaa mwaka mmoja, na hawezi kuzidisha vipindi viwili. Waliounga mkono walisema utaratibu huu utapunguza fedha, fujo na ukabila katika kampeni. Waliopinga walisema unawanyang'anya wanafunzi sauti yao na kuwarahisishia kazi wanaotaka kununua kura, kwa kuwa wapigaji ni wachache.

Pande zote mbili zina hoja. Lakini tukiangalia kwa jicho la mwanafunzi Mbajuni, kuna jambo ambalo mjadala huo huliacha. Katika uchaguzi wa chuo kizima yeye ni mmoja kati ya maelfu. Katika uchaguzi wa idara ni mmoja kati ya makumi, na makumi hao humwona kila siku darasani. Idara ndogo humpa mtu nafasi ya kujulikana kwa kazi yake kabla ya kujulikana kwa asili yake. Kwa mwanafunzi asiye na kundi nyuma yake, idara ndiyo kijiji chake.

Hapa ndipo idara za Kiswahili zinapoingia. Dar es Salaam, Idara ya Kiswahili ilianza mwaka 1970 kufundisha somo lake kwa Kiswahili chenyewe, wakati idara nyingine zilitumia Kiingereza. Aidha, wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki wana chama chao, CHAWAKAMA, ambacho huchagua viongozi, hukusanya michango na huandaa makongamano yanayokutanisha nchi mbalimbali. Chama kama hicho ni serikali ya wanafunzi kwa kipimo kidogo. Katiba yake ni ya Kiswahili, hoja zake ni za Kiswahili, na wanaokosoana hukosoana kwa Kiswahili.

Somalia ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi Machi 2024, na Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya hiyo. Maana yake ni kwamba Wabajuni, ambao nchini mwao walihesabika kuwa wachache wenye lugha isiyo na cheo, sasa ni wazawa wa lugha ya Jumuiya. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vikitafuta wenzao upande wa Somalia, tunaona ni vyema wasiishie Mogadishu.

"Muchu" si kosa la tahajia

Tumebakiza jambo linalotuhusu sisi walimu moja kwa moja. Mwanafunzi wa pwani ya Kismayu akija darasani kwetu, tutamsikiaje?

Katika Kibajuni, sauti ambayo Kiswahili Sanifu hutamka t mara nyingi huwa ch. Mtu ni muchu, watu ni wachu, tatu ni chachu. Ndiyo sababu kisiwa kimoja huandikwa Chula katika ramani moja na Tula katika nyingine, na Chovai huonekana pia kama Tovai. Mwalimu asiyejua hili atakuta "wachu chachu" katika insha, atapiga mstari mwekundu, na huenda akacheka kwa kuwa chachu kwake ni hamira. Anayejua ataona kanuni ya kifonolojia inayofanya kazi bila kukosea.

Hatusemi kwamba mwanafunzi asifundishwe Kiswahili Sanifu. Anakihitaji kwa mtihani, kwa barua ya kuomba bweni, na kwa kusimama bungeni kudai mkopo. Tunachosema ni kwamba kumwongezea sanifu ni kazi moja, na kumwambia hajui Kiswahili ni kazi nyingine, nayo ya pili si ya mwalimu.

Uzito wa jambo hili hauishii darasani. Katika miaka ya 2000, Wabajuni wengi walioomba hifadhi Uingereza walipimwa kwa usemi wao ili kuamua kama kweli walitoka visiwani. Kijana aliyekulia kambini Mombasa, akachanganya Kibajuni na Kiswahili cha mjini, aliweza kuonekana mwongo kwa sababu ya maneno machache. Mwaka 2004 kundi la wanaisimu lilitoa mwongozo kuhusu matumizi ya uchambuzi wa lugha katika kesi za wakimbizi, likakumbusha kwamba lugha huonyesha mahali mtu alipolelewa kijamii na si lazima ionyeshe uraia wake, na kwamba kazi hiyo ifanywe na wenye utaalamu. Wanaoandaliwa kuwa wataalamu hao ni wanafunzi wa idara kama zetu.

Tunapendekeza mambo manne ambayo hayahitaji bajeti kubwa. Kwanza, wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya iwe na mwanafunzi mwenyeji atakayemwongoza mgeni ofisi kwa ofisi hadi usajili umalizike. Pili, katiba ya chama cha idara iweke nafasi ya mwakilishi wa wanafunzi wageni, naye awe na haki ya kupiga kura. Tatu, usiku wa utamaduni usiwe wa taarabu peke yake. Wabajuni wana vave, nyimbo za wakulima, na kimai, nyimbo za wavuvi. Nne, somo la lahaja lifundishwe mapema, si mwaka wa mwisho.

Kwa matumizi ya darasani

Msamiati wa kukumbuka:

Bumu: fedha za kujikimu anazopata mwanafunzi, hasa za mkopo (Tanzania).
Kubebana: kulala katika chumba cha mwenzako bila kupangiwa rasmi.
Desa: maandishi ya masomo yanayonakiliwa na kugawanwa, kudesa ni kunakili kazi ya mwingine.
Sapu: mtihani wa kurudia.
Kudisko: kuondolewa masomoni kwa kushindwa mitihani.
Komredi: mwanafunzi mwenzangu, hasa katika siasa za vyuo vya Kenya.
Mwanachuoni: mtaalamu wa dini. Tusilichanganye na mwanachuo, ambaye ni mwanafunzi wa chuo.

Maswali ya kujadili:

1. Eleza tofauti kati ya maana ya chuo kwa mtu wa pwani na maana yake katika maneno chuo kikuu na chuo cha ualimu.
2. Gawanyeni darasa makundi mawili. Kundi moja litetee uchaguzi wa rais wa wanafunzi kwa kura ya moja kwa moja, la pili litetee uchaguzi kupitia wawakilishi wa idara. Kila kundi lieleze mwanafunzi mgeni atanufaika vipi.
3. Andika barua rasmi kwa waziri wa malazi wa serikali ya wanafunzi kumwombea chumba mwanafunzi ambaye cheti chake bado kinahakikiwa.
4. Mwanafunzi ameandika: "Wachu chachu wamefika." Utasahihisha vipi, na utamwambia nini?

Swali la nne ndilo tungependa walimu walijibu kwanza, kabla ya kulipeleka darasani.